Fundi Aliyetufungulia Kinga za Mawe

Taarifa ya msiba ilinikuta kwenye kiti cha kinyozi mjini Shinyanga, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaitoa chini ya shuka la kinyozi, nikasoma: "Shikamoo mzee. Fundi wetu wa Masumbwe ametutoka leo asubuhi. Tunazika kesho kutwa kijijini kwao." Ujumbe ulitoka kwa muuguzi mmoja wa upande wa Buseresere, ambaye nitamwelezea mbele kidogo. Kinyozi akaniuliza kama kuna habari njema. Nikamwambia amekufa fundi wangu wa gari. Akanipa pole, akapangusa wembe, kisha akasema kwamba mafundi wapo wengi siku hizi, anaweza kunielekeza kwa mmoja hapo karibu na stendi. Hakuwa na nia mbaya. Mtu akikuambia amefiwa na fundi, unachofikiria kwanza ni gari lake litatengenezwa wapi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii sitaji majina. Safari hii sioni ugumu wowote, kwa sababu hata sisi wateja wake wengi wetu hatukulijua jina lake. Tulimwita Fundi Kinga. Gereji yake ilikuwa Masumbwe, eneo la wazi lenye paa la mabati upande mmoja na benchi la wateja upande wa pili, na kazi iliyompa sifa ilikuwa ndogo kiasi kwamba gereji nyingine ziliiona kama kazi ya kupotezea muda. Alikuwa anatoa na kurudisha kinga za mawe. Nazungumzia vile vipande vya plastiki ngumu au bati vinavyofungwa nyuma ya matairi na chini ya milango, ili kokoto zinazorushwa na tairi zisichubue rangi. Barabara kuu ya Masumbwe ni ya lami, lakini ukiiacha kidogo tu kuelekea machimboni unaingia kwenye changarawe inayogonga ubavu wa gari kama mvua ya mawe. Ndiyo maana magari ya upande wetu, makubwa kwa madogo, karibu yote yana kinga. Mwenye gari akishazifunga hupumua, akaamini kwamba suala la ubavu limekwisha maishani mwake.

Mimi nilikuwa mmoja wa waumini hao. Mara ya kwanza nilipofika kwake, kinga moja ya gari langu dogo ilikuwa imepasuka, nami nilitaka abandike nyingine niendelee na safari. Akatazama, akauliza gari lina miaka mingapi tangu kinga zifungwe. Nikamwambia tangu nilinunue hazijawahi kuguswa, tena nilisema kwa fahari. Akasema, "Basi tuzifungue zote." Nikamwambia zile tatu ni nzima. Akajibu kwamba uzima wa kinga hakuwa na shaka nao. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakilaza juu ya plastiki mpaka ikalegea, akatoa skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kopo kwa mfuatano uleule aliozitoa. Kipande kilipoachia, uliporomoka udongo mwekundu uliokuwa umekaa humo misimu kadhaa ya mvua, na nyuma ya udongo bati la gari langu lilikuwa limeliwa na kutu. Akagonga kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima palilia, palipooza palinyamaza. "Sikia mwenyewe, mwandishi," akasema. "Kinga imezuia mawe. Maji haijayazuia, imeyatunza." Mafundi wengine, akanieleza, hupaka gundi kuizunguka kinga yote ili ionekane imeshika vizuri. Yeye alikuwa akiacha upenyo chini, maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Siku ile nilirudi Shinyanga kwa basi, gari likabaki kwake likikwanguliwa kwa brashi ya waya.

Tangu hapo nikawa napita kwake kila safari ya Geita iliponichukua njia ile. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Alizaliwa Shinyanga vijijini, kwenye familia ya wakulima wa pamba, na ujana wake aliutumia machimboni kama vijana wengi. Nilimuuliza kwa nini aliacha kutafuta dhahabu. Akasema, "Kule nilikuwa natafuta kitu kilichofichwa na sikipati. Hapa navipata hata nisipovitafuta." Nilicheka, nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu nikijiambia nitayatumia siku moja kuchekesha wasomaji. Kumbe alikuwa anazungumza kweli tupu, na siku ya kuithibitisha nilikuwa nimeketi palepale kwenye benchi lake.

Ilikuwa karibu saa tano asubuhi. Mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mji, mnunuzi wa dhahabu na mwenye maduka, alikuwa ameleta gari lake la kifahari abadilishiwe kinga ya mbele kushoto. Huyu bwana alikuwa mtu wa watu. Hakuna harambee iliyompita. Wiki chache kabla aliwagawia waendesha bodaboda vizibao vinavyong'aa ili waonekane barabarani, na mgongoni kila kizibao kilikuwa na jina la duka lake kwa herufi kubwa kuliko neno "usalama" lililoandikwa chini yake. Alikuwa amesimama kivulini anazungumza na simu. Fundi akaitoa kinga iliyovunjika, akaingiza mkono nyuma yake, akatulia. Akatoa kipande cha mti chenye urefu wa kiganja, kimefungwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Akakipangusa kwa suruali yake, akakigeuza mara mbili, kisha akaita bila kupandisha sauti.

"Mzee, kabla sijafunga, njoo utazame."

"Nitazame nini tena?" mfanyabiashara akasema, simu bado iko sikioni. "Nimekuambia ubadilishe kipande kimoja, sikukuambia ukague gari."

"Kipande chenyewe kimekutana na baiskeli."

Mfanyabiashara akakata simu, akasogea. Akakitazama kile kitu mkononi mwa fundi. "Barabara zetu zina takataka nyingi, fundi. Huo ni mti tu."

"Ni mti, kweli. Ila una bolti yangu."

Nilikifahamu kisa cha bolti ile baadaye. Kuna mkulima mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa akipita gerejini kila siku ya gulio, baiskeli yake imebeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo mkewe aliviuza sokoni. Pedali ya baiskeli ilipokatika, yule bwana alichonga nyingine ya mti kwa mkono wake, akaja kumwomba fundi bolti ya kuishikia. Fundi alimtafutia bolti kwenye kopo la vyuma chakavu, akaikata kwa msumeno ifike urefu unaotakiwa, akamfungia mwenyewe. Siku kumi kabla ya asubuhi ile, mkulima huyo aliokotwa kando ya barabara, mguu umevunjika mara mbili, na gari lililomgonga halikusimama. Mji mzima ulizungumza habari hizo. Waendesha bodaboda walimbeba mpaka hospitali, wengine wakiwa wamevaa vile vizibao.

"Nitakuongezea," mfanyabiashara akasema kwa sauti ya chini. "Funga kinga, tuachane na mambo ya miti."

"Sifungi," fundi akasema. "Yule mtu yuko nyumbani kwake, mguu umefungwa plasta. Nenda ukamwone kwanza. Ukirudi nitakufungia."

"Wewe ni fundi au ni askari?"

"Ni fundi. Ndiyo maana najua hiki kimetoka wapi."

Mfanyabiashara akageuka kunitazama mimi, kama mtu anayemtafuta mtu mwenye akili timamu wa kuamua ugomvi. Hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana hii ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuiandika. Mimi, ninayewahimiza kila wiki kusimama upande wa haki, niliinamisha kichwa nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa imezimika, chaji imekwisha. Nilikuwa nasoma kioo cheusi. Yule bwana alikuwa ameahidi kununua ukurasa wa matangazo kwenye gazeti letu.

Akadai kinga yake irudishwe. Fundi akamkabidhi ile iliyovunjika na ile mpya, na skrubu zote ndani ya kopo. Mfanyabiashara akanyoosha mkono kuchukua na kile kipande cha pedali. Fundi akakirudisha nyuma. "Gari ni lako, kinga ni zako, chukua," akasema. "Hiki si chako." Gari likaondoka ubavu ukiwa wazi. Fundi akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akafunga gereji mchana kweupe, akaniambia gari langu liko tayari na kwamba kama ninaelekea upande wa kile kijiji angeshukuru kupata usafiri. Nikamwambia nimechelewa. Akakodi bodaboda.

Niliyoyasikia baadaye ni kwamba alifika kwa yule mkulima akamkuta amelazwa kivulini, akampa kipande chake. Ikaletwa baiskeli iliyopinda, na pale pedali ilipokatikia vipande viwili vikakaa pamoja kama mdomo unavyofumba. Wakaenda kituo cha polisi, fundi, mkulima na mkewe, wamebebana na baiskeli yao kwenye bajaji. Mfanyabiashara alipoitwa alieleza kwamba alihisi amegonga kitu, akadhani ni mbuzi. Inasemekana askari alimuuliza kama mbuzi wa upande huo hawana wenyewe. Shauri lilikwenda kwa mwendo wake, likaahirishwa na kuahirishwa tena, lakini mwisho yule bwana alikiri mahakamani, akatozwa faini, akazuiwa kuendesha kwa muda, akagharamia matibabu na kununua baiskeli mpya. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Wapo waliosema hilo ni jambo dogo mno kupelekwa mahakamani. Waliosema hivyo wote walikuwa na miguu yote miwili iliyonyooka.

Mji ulimpongeza sana fundi. Msikitini alitajwa, kanisani alitajwa, kijiweni kwa waendesha bodaboda alinunuliwa soda. Kisha mji ukaacha kumpelekea magari. Hakuna aliyekutana na mwenzake wakakubaliana hivyo, mambo yalijipanga yenyewe. Wenye magari makubwa walikumbuka kwamba kuna gereji nyingine Kahama yenye sakafu ya saruji. Watumishi wa ofisi waligundua kwamba fundi huyu ni mzuri ila anachelewesha. Mmoja aliniambia waziwazi, "Yule bwana hana shida, lakini anaona mno." Nilipopita miezi michache baadaye, chini ya paa lile kulikuwa na bajaji mbili na baiskeli. Nikamuuliza hali ya kazi. Akasema kazi ipo, wenye kazi ndio wamesafiri.

Kilichomrudisha ni jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Biashara ya magari yaliyotumika ilikuwa imepamba moto kwenye ukanda huu wa dhahabu. Mchimbaji akipata, hununua gari, akikosa, huliuza, na gari moja huweza kubadilisha wenyewe watatu kabla ya mvua za masika. Wanunuzi wakaanza kusema, kabla sijatoa hela, gari lipite Masumbwe. Wakaja kutoka Geita, Katoro, Ushirombo, wakitaka fundi afungue kinga waone kilicho nyuma. Benchi likajaa tena. Nilipoketi pale nikaanza kuwatambua watu, nikaona kichekesho chenyewe: walikuwa walewale. Yule aliyesema fundi anaona mno alikuwepo, safari hii ananunua, anamsihi fundi atazame vizuri zaidi. Siku atakapouza gari hilohilo ataikumbuka tena ile sakafu ya saruji ya Kahama. Nilimweleza fundi uvumbuzi wangu nikidhani nimemfumbua macho. Akaendelea kufungua skrubu. "Najua," akasema. "Akija anayenunua namkaribisha. Yule anayeuza namsubiri, naye atanunua siku moja."

Niliyaona hayo kwa wengine, nikayacheka, mpaka zamu yangu ilipofika. Gari langu dogo lilikuwa limechoka. Nikampata mnunuzi, yule muuguzi niliyemtaja mwanzoni, binti mpole anayefanya kazi zahanati, aliyetaka gari la kumfikisha kazini. Miaka miwili nilikuwa sijapita kwa Fundi Kinga, kwa sababu nilikuwa nimehisi mlango wa nyuma unalia vibaya na sikutaka kuambiwa ninachokijua. Badala yake nikaenda gereji moja hapa Shinyanga, nikafungiwa kinga mpya nne, nyeusi, zinang'aa, zimepakwa gundi pande zote. Gari likapendeza mpaka nikasita kuliuza. Muuguzi akaja, akalizunguka, akafurahi. Nikaandaa kalamu. Akasema kwa unyenyekevu, "Mzee, sina shaka na wewe. Ila kuna fundi mmoja Masumbwe, wenzangu wamenishauri nisinunue gari bila kupita kwake. Tunaweza kwenda?"

Nifanyeje. Nilimwendesha mwenyewe, tukazungumza habari za hali ya hewa na bei ya mchele njia nzima. Fundi alipoliona gari alilitambua kabla hatujashuka. "Mwangaluka, mwandishi," akanisalimu kwa Kisukuma, akatabasamu. Akasikiliza maelezo ya muuguzi, akainama, akazitazama kinga mpya na ile gundi. Nilitegemea aifungue aniaibishe kama alivyowaaibisha wengine, na ninakiri nilikuwa nimeshaandaa maneno, kwamba kazi ilifanywa na kijana wa Shinyanga, mimi sikujua. Hakufungua. Akasimama, akamwambia muuguzi, "Dada, gari hili nalifahamu, na mwenyewe analifahamu kuliko mimi. Muulize yeye." Akaweka bisibisi kiganjani mwangu, akaenda kuketi kwenye benchi.

Nilifungua. Ilinichukua muda mrefu kwa sababu gundi ilikuwa nyingi na mikono yangu haikuizoea kazi. Fundi hakunisaidia wala hakunisimanga. Mara moja tu alisema, "Anza na ya chini." Kinga ilipoachia, kidole changu kilizama kwenye bati kama kwenye mkate. Muuguzi akainama, akatazama. Kisha akasema, "Ahsante kwa kunionesha, mzee," akiwa na adabu iliyonichoma kuliko matusi. Nilishusha bei mpaka ikawa bei ya gari lenye kutu. Akalinunua, fundi akalikwangua na kuliungia bati jipya, na linatembea mpaka leo. Muuguzi akawa rafiki wa nyumba yangu. Sijui kama angekuwa rafiki iwapo kutu ile angeigundua peke yake barabarani, mlango umemdondokea.

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia. Kijiji kile hakijawahi kuona magari mengi namna ile, yamepangwa kando ya mashamba ya pamba kama yamekuja kwenye mnada. Fundi alikuwa ameanguka ghafla gerejini, kiharusi, hakuamka tena. Wasemaji walikuwa wengi. Yule mfanyabiashara alipewa nafasi kwa niaba ya wateja, akasimama, akamwita marehemu kioo cha uaminifu, mwalimu wa jamii, rafiki wa kweli aliyemkosoa bila woga. Alizungumza vizuri, naamini aliamini anachokisema. Yule mkulima mwenye mguu uliopinda alikuja kwa basi, baiskeli yake imefungwa juu ya paa. Alipoombwa aseme neno akasema, "Alikuja kwangu mchana, akanipa kilichokuwa changu. Wabeja," yaani ahsante kwa Kisukuma, akaketi. Na mimi nilizungumza. Nilisema mengi kuhusu ukweli. Bisibisi sikuitaja, wala ile simu iliyozimika.

Tulipokuwa tukiaga, nilimwendea mjane kumpa pole. Ni mama mtulivu, mshonaji. Akanishukuru kwa maneno mazuri niliyoyasema juu ya mumewe. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya shukrani, "Nilitamani ayasikie mwaka ule magari yalipoacha kuja. Tuliuza cherehani yangu mwaka ule. Nilimwambia, mume wangu, si ungefunga tu kile kikinga? Akanijibu kwamba watu ni wema, wana shughuli tu, watarudi." Akanitazama. "Mlikuwa na shughuli gani, shemeji?"

Wiki nzima nimekaa na swali hilo. Katika kanda hii tunalalamika kwamba uaminifu umekwisha. Tunalalamikia mizani ya mnunuzi wa pamba na mizani ya mnunuzi wa dhahabu, tunalalamikia vijana, tunawalaumu walimu na viongozi wa dini kwa kutofundisha. Mtu mmoja mwaminifu tulikuwa naye, tena barabarani, gereji yake ilionekana kutoka kwenye dirisha la basi, nasi tulimfanya alale njaa karibu mwaka mzima, kisha tukaja na magari yetu kumsifu alipokuwa hasikii. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema kwamba anayeufunua wa jirani humkosesha mkewe cherehani. Uaminifu hauishi kwa sifa. Unakula, unalipa pango, unasomesha watoto, na kwa hiyo unahitaji wateja kama biashara nyingine yoyote, hasa siku ile ambayo ukweli utatugharimu sisi. Kila mji bado una mtu mmoja wa aina yake. Mnaye kwenu pia, na bila shaka mnajua ni nani, kwa sababu ndiye mnayepita mbali na mlango wake. Mpelekeeni kazi angali hai.